Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma vumbi linaloficha kiini cha galaksi, hatua kwa hatua

Karibu kila maelezo ya viini hai vya galaksi yanakuja na mchoro uleule: shimo jeusi katikati, diski ya gesi inayowaka kulizunguka, na nje yake tairi nene la vumbi. Ukitazama kwa juu unaona katikati kunawaka, ukitazama kwa ubavuni tairi limekuziba. Mchoro huu umesaidia watu wengi sana na mimi mwenyewe ndo ulionivuta, ila una hatari moja, mtu anazifungua data zake akiwa tayari analitafuta tairi, na ukilitafuta tairi utalipata tu hata kama halipo. Kwa hiyo hapa tunaenda kinyume, tunaanza na mwanga wenyewe, kila aina ya mwanga tunauuliza umetoka wapi na umezibwa na nini, umbo tunaliacha lije baadaye.

Unahitaji kompyuta, intaneti na uvumilivu. Data nyingi ziko wazi bure kabisa: hifadhi ya NED kwa umbali na vipimo vilivyokusanywa, SDSS (mradi wa kupima anga) kwa spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, IRSA kwa data za WISE na Spitzer, darubini za angani za infraredi, na HEASARC ya NASA kwa eksirei.

Kabla ya yote, andika skeli ya galaksi yako

Chagua galaksi moja tu, iliyo karibu na inayong'aa. Chukua umbali wake kwa parseki (moja ni kama miaka ya mwanga 3.26), gawanya kwa 206,265, utapata sekunde moja ya tao, yaani sehemu ya 3,600 ya digrii angani, ni parseki ngapi kwenye galaksi hiyo. Mfano NGC 1068, ambayo ndiyo galaksi iliyochunguzwa kuliko karibu zote kwenye suala hili, iko kama parseki milioni 14.4 kutoka kwetu, kwa hiyo sekunde moja ya tao ni parseki 70 hivi.

Namba hiyo iandike juu kabisa ya ukurasa maana itakuokoa mara nyingi. Nyuzi za SDSS za mwanzo zina upana wa sekunde 3 za tao, kwa galaksi iliyo umbali huo nyuzi moja inameza parseki 210. WISE kwenye bendi zake tatu za kwanza haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya sekunde 6 hivi, yaani parseki 420. Na vumbi tunalolitafuta sisi lina ukubwa wa parseki chache tu! Maana yake ni kwamba kila namba utakayoidaunlodi imechanganya kiini na mtaa mzima unaokizunguka, nyota, mawingu, sehemu zinazozaa nyota, vyote ndani ya kapu moja, na kazi yako kubwa ni kuvitenganisha.

Ukiwa bado hapo angalia picha ya galaksi yenyewe. Imelala ubavu? Ina mikanda myeusi ya vumbi inayopita mbele ya kiini kama Centaurus A? Basi vumbi linaloziba linaweza kuwa la galaksi, liko mbali maelfu ya parseki kutoka kwenye shimo jeusi wala halihusiani nalo. Watu wengi wanaruka hapa halafu baadaye wanapata kiini kilichozibwa, wanaandika "tairi", kumbe ni mkanda wa vumbi wa kawaida.

Hatua ya 1: spektra ya mwanga wa kawaida

Fungua spektra, gawanya urefu wa mawimbi kwa 1 jumlisha z (mhamo mwekundu, yaani kiasi ambacho mawimbi yamerefushwa njiani), kisha nenda kwenye mistari ya haidrojeni: H-alfa kwenye 6563 na H-beta kwenye 4861, vipimo ni angstromu (sehemu ya bilioni kumi ya mita). Pima upana wa mstari kwenye nusu ya kimo chake, gawanya kwa urefu wa wimbi, zidisha kwa kasi ya mwanga. H-alfa yenye upana wa angstromu 100 inakupa karibu kilomita 4,600 kwa sekunde, hiyo ni gesi inayozunguka karibu sana na shimo jeusi na wewe unaiona moja kwa moja, kiini cha aina ya 1. Ukipata angstromu 10 ni kilomita 460 hivi kwa sekunde, gesi ya mbali, na kama mistari yote iko hivyo una aina ya 2, ile ambayo huenda katikati yake imefichwa.

Sasa shika hapa, pana mtego. H-alfa imebanwa katikati ya mistari miwili ya nitrojeni, 6548 na 6584, na spektra ikiwa hafifu mitatu inaungana inakuwa kama mlima mmoja mpana, hapo mtu anashangilia amepata aina ya 1. Nenda kwenye oksijeni 5007 uangalie upana wake, mstari huo unatoka kwenye gesi ya mbali tu. Kama nao ni mpana vilevile basi unachokiona ni upepo wa gesi unaotoka nje, siyo gesi ya karibu na shimo. Kama oksijeni ni nyembamba na H-alfa inabaki pana hata baada ya kuondoa nitrojeni, hapo sawa, shangilia.

Halafu chukua uwiano wa H-alfa kwa H-beta. Bila vumbi, kwenye gesi inayowashwa na kiini hai uwiano ni karibu 3.1. Vumbi linakula bluu kuliko nyekundu kwa hiyo uwiano unapanda, ukiona 6 kuna vumbi la kama magnitudi 2 (magnitudi ni kipimo cha mwanga, kila 5 mwanga unapungua mara 100). Ila vumbi hilo liko mbele ya gesi ya mbali, iliyosambaa mamia ya parseki, halikwambii lolote kuhusu kilichoziba katikati. Nimeona watu wakichukua namba hii na kuiita unene wa tairi, tafadhali usifanye hivyo.

Hatua ya 2: tafuta kioo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller, wakitumia darubini ya Lick kule California, walipima mwanga wa NGC 1068 uliopolaraiziwa, yaani ule ambao mtetemo wake umeelekea upande mmoja. NGC 1068 ni aina ya 2 ya kufundishia, mistari yake yote ni myembamba. Lakini kwenye ule mwanga uliopolaraiziwa mistari mipana ikajitokeza!

Kilichotokea ni kwamba gesi ya karibu na shimo ipo siku zote, imezibwa kwa upande wetu tu, lakini mwanga wake unatoka kwa juu, unagonga elektroni zilizo huru pale juu ya kiini na kuakisiwa kuja kwetu, na kuakisiwa huko ndiko kunakoupolaraizi. Ni kama mtu amekaa nyuma ya ukuta humwoni, ila kuna kioo pembeni na ndani ya kioo unamwona vizuri. Wazo kwamba aina ya 1 na aina ya 2 ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa pembe tofauti lilipata nguvu yake hapo.

Kwa galaksi yako, tafuta kwanza kama kuna aliyeshapima polaraizesheni. Mistari mipana ikiwepo umepata mambo mawili kwa mpigo, kiini kipo na njia ya juu iko wazi. Isipokuwepo usikurupuke kusema hakuna kiini, pengine hakuna kioo cha kutosha.

Hatua ya 3: infraredi, ambapo vumbi lenyewe linaongea

Mpaka sasa vumbi tumeliona kama pazia. Kwenye infraredi ni lenyewe linalowaka, maana mwanga wote linaoumeza lazima liurudishe kama joto. Kanuni ya kutumia ni rahisi, 2898 gawanya kwa joto la Kelvini unapata mikroni (sehemu za milioni za mita) ambapo mwanga umefikia kilele. Vumbi la Kelvini 1500 linang'aa zaidi karibu na mikroni 2, la Kelvini 300 karibu na mikroni 10, kwa hiyo ukitembea kutoka mikroni 2 kwenda 20 ni kama unatembea kutoka ukingo wa ndani wa vumbi kwenda nje.

Anza na WISE, bendi za mikroni 3.4, 4.6, 12 na 22. Kipimo cha haraka ni kutoa magnitudi ya pili kwenye ya kwanza, ikifika 0.8 au zaidi kwenye mfumo wa Vega (ambao nyota Vega ndiyo sifuri) kiini hai kinatawala mwanga. Ikiwa chini ya hapo haina maana hakuna kitu, kiini hafifu kinamezwa kirahisi na nyota za galaksi, hata NGC 1068 ingekuwa na kiini dhaifu mara 100 ingepotea hivyohivyo. Baada ya hapo chora grafu ya nguvu kwa urefu wa wimbi ukitumia vipimo vyote vya NED, lakini andika pembeni ya kila nukta imechukuliwa kwa dirisha la sekunde ngapi za tao. Nukta ya sekunde 12 na nukta ya sekunde 0.3 ukiziunganisha kwa mstari mmoja umejidanganya mwenyewe.

Kisha silikati. Vumbi hili lina chembe za silikati, jamii ya madini ya mawe, na zina alama yake kwenye mikroni 9.7 na nyingine kwenye 18. Kwenye spektra ya Spitzer au ya chombo cha MIRI cha darubini ya James Webb angalia hapo kuna shimo au kuna kilima. Shimo maana yake vumbi la moto liko nyuma ya vumbi baridi, kilima maana yake unaliona vumbi la moto bila pazia. Kama vumbi lingekuwa tairi moja laini lililojaa, aina ya 2 zote zingekuwa na mashimo marefu sana na aina ya 1 zingekuwa na vilima virefu. Kinachoonekana kwa kawaida ni mashimo mafupi na vilima vya wastani, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za kuamini vumbi limekaa kama mawingu yaliyotawanyika, kwa hiyo mwanga unapenya katikati yake na kila wingu lina upande wa moto na upande wa baridi.

Hatua ya 4: eksirei, kupima unene

Eksirei zinapita pale mwanga wa kawaida unapogota, kwa hiyo ndizo zinazokupa kiasi cha kitu kilichoziba. Unapima idadi ya atomi za haidrojeni kwa kila sentimita ya mraba kwenye mstari wa kutazama. Chini ya 10^22 tunasema kiini kiko wazi, juu ya hapo kimezibwa, na juu ya 1.5 × 10^24 kimezibwa kiasi kwamba eksirei nazo zinaanza kutawanywa na elektroni.

Tupige hesabu kidogo. Kwenye galaksi yetu atomi 1.9 × 10^21 zinaandamana na vumbi la magnitudi 1. Kwa hiyo 10^22 ni magnitudi 5 hivi, mwanga umepungua mara 100. Na 10^24 ni magnitudi 500, hapo mwanga wa kawaida sahau kabisa. Lakini uwiano huu ukiupima kwenye viini hai mara nyingi unakuta gesi ni nyingi kuliko vumbi linaloandamana nayo, kwa sababu kuna gesi iliyo ndani kabisa, ambako vumbi haliwezi kuishi, nayo inazuia eksirei bila kuzuia mwanga wa kawaida. Ndiyo maana unakutana na galaksi yenye mistari mipana kabisa lakini eksirei zake zimezibwa, data hazijakosea, ni vizuizi viwili tofauti vilivyo sehemu mbili tofauti.

Kwa vitendo: data za Chandra au XMM-Newton, darubini za angani za eksirei, zinafaa chini ya keV 10 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), ila kama unashuku kizuizi ni kinene sana tafuta NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012 na inayofika keV 79. Dalili za kizuizi kinene ni mstari wa chuma wenye nguvu kwenye keV 6.4 na nundu kwenye keV 20 hadi 30, zote mbili ni mwanga unaogonga ukuta wa gesi na kurudi. Kama hakuna data za NuSTAR, linganisha nguvu ya eksirei za keV 2 hadi 10 na nguvu ya mikroni 12 ya kiini. Kwa kawaida zinakaribiana, eksirei zikiwa chini mara kumi au zaidi basi zimemezwa njiani.

Hatua ya 5: vumbi linaanzia wapi

Karibu na kiini joto ni kali mno hata chembe zinageuka mvuke, kwenye Kelvini 1500 hivi kwa silikati, grafiti inavumilia zaidi kidogo. Kwa hiyo kuna mpaka, ndani yake hakuna vumbi. Fomula inayotumika sana: parseki 0.4 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya kiini ukiigawanya kwa 10^45 ergi kwa sekunde (ergi ni kipimo cha nishati), ukichukua joto la 1500. Kiini cha 10^45 kinaanza vumbi lake parseki 0.4 kutoka katikati, cha 10^43 parseki 0.04. Nguvu ikipanda mara 100 mpaka unasogea nje mara 10.

Namba hii inapimika, na kipimo chake ni saa! Diski ya katikati ikiongeza mwanga ghafla, vumbi linapata habari baadaye, baada ya mwanga kusafiri mpaka pale. Kwa NGC 4151 watafiti waliotumia darubini ya MAGNUM kule Hawaii walikuta mwanga wa mikroni 2.2 unachelewa siku 48 hivi nyuma ya mwanga wa kawaida. Siku 48 za mwanga ni parseki 0.04. Ukipima galaksi nyingi, ucheleweshaji unakua kwa kipeuo cha pili cha nguvu kama ilivyotarajiwa, ila kwa jumla ni mfupi mara 2 hadi 3 kuliko fomula inavyosema. Sababu zinazotajwa ni chembe kubwa za grafiti zinazovumilia joto, na diski kutomulika pande zote sawa, kwa hiyo vumbi la ubavuni linaweza kusogea karibu zaidi. Fomula itumie kama makadirio tu.

Muda una kazi nyingine pia. Ukiwa na data za eksirei za miaka tofauti zilinganishe, NGC 1365 imeonekana ikibadilika kutoka kuzibwa kabisa kwenda kuzibwa nusu ndani ya siku chache tu. Ukuta mmoja imara haubadiliki hivyo, hayo ni mawingu yanayopita mbele ya kiini moja moja, na kasi ya mabadiliko inakwambia yako karibu sana na shimo.

Hatua ya 6: picha halisi, na hapa tairi linapata shida

Parseki moja kwenye NGC 1068 ni kama milisekunde 14 za tao. Darubini moja ya mita 8.2 kwenye mikroni 10 inaishia karibu milisekunde 300, kwa hiyo haina uwezo. Lakini ukiunganisha darubini mbili zilizoachana mita 130, kama wanavyofanya kule Paranal nchini Chile, unashuka hadi milisekunde 16 hivi, na hapo sasa vumbi linaanza kuonekana lenyewe.

Mwaka 2004 chombo cha MIDI cha hapo Paranal kiliona kwenye NGC 1068 vumbi la moto linalozidi Kelvini 800 lenye ukubwa wa kama parseki 1, ndani ya vumbi la Kelvini 320 lenye ukubwa wa parseki 2 hadi 3. Watu wakasema tairi limepatikana. Halafu zikaja Circinus na NGC 3783 na nyinginezo, na sehemu kubwa ya mwanga wa vumbi kwenye mikroni 10 ikakutwa haiko ubavuni ambako tairi lilitakiwa kuwa, iko juu na chini, imenyooka kufuata mhimili wa kiini! Circinus ina vyote viwili, diski nyembamba iliyolala na juu yake umbo refu lililosimama.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni upepo. Chembe za vumbi zinasukumwa na mwanga kwa urahisi kuliko elektroni, kwa hiyo kiini hakihitaji kufikia kikomo cha Eddington (nguvu ambayo mwanga unashinda mvuto wa shimo na kuisukuma gesi nje) kuliondoa vumbi, asilimia chache tu za kikomo hicho zinatosha. Mwaka 2017 Claudio Ricci na wenzake wakitumia viini vilivyogunduliwa na chombo cha angani cha Swift walionyesha jambo hilohilo kwa njia ya eksirei, kiini kikivuka kiwango hicho idadi ya vilivyozibwa inashuka sana. Kwa hiyo pembe ya kutazama siyo kila kitu, nguvu ya kiini nayo inalichonga vumbi. Piga hesabu ya galaksi yako: kikomo cha Eddington ni 1.26 × 10^38 mara uzito wa shimo kwa uzito wa jua, shimo la uzito wa jua milioni 100 lina kikomo cha ergi 1.26 × 10^46 kwa sekunde, kiini chake kikiwa na 10^44 kiko kwenye asilimia 0.8, vumbi bado limetulia.

Mfano wa kukufanya uwe makini: chombo cha GRAVITY cha Paranal mwaka 2020 kiliona kwenye NGC 1068 kitu kama pete nyembamba yenye nusu kipenyo cha parseki 0.24, ikasomwa kama ukingo wa vumbi kuzunguka shimo. MATISSE, chombo kingine cha hapohapo, mwaka 2022 ikatengeneza picha kwa mikroni 3 hadi 13 na ramani ya joto, na timu yake ikaliweka shimo sehemu nyingine, nyuma ya vumbi zito. Galaksi ileile, darubini zilezile, na swali la shimo liko wapi kwenye picha likaleta majibu mawili. Kwa gesi baridi ya nje ongeza ALMA, kundi la darubini za redio kule Chile, ambalo kwenye galaksi hiyohiyo liliona diski ya parseki 7 hadi 10.

Hatua ya 7: modeli, mwisho kabisa

Sasa ndiyo ufungue softwea. CIGALE ina modeli za SKIRTOR ndani yake, CLUMPY ni ya mawingu, CAT3D-WIND ina diski na upepo, na kwa eksirei kuna MYTorus na borus02 ndani ya XSPEC, programu ya kuchambua spektra za eksirei. Modeli hizi zote zitakupa jibu, hata ukizilisha data mbovu, na hapo ndipo pa kuogopa. Pembe ya kutazama, upana wa vumbi na idadi ya mawingu vinafichana, ukipunguza kimoja na kuongeza kingine grafu inabaki ileile.

Ninavyofanya mimi ni kufunga kwanza kila nilichokipata kwa njia nyingine. Pembe ichukue kwenye maseri za maji (mistari mikali ya redio inayotoka kwenye mvuke wa maji karibu na kiini) au koni ya gesi inayong'aa kama zipo, ukingo wa ndani kwenye hatua ya 5, unene kwenye eksirei, na vumbi la galaksi liondoe kabla. Kisha kimbiza angalau modeli mbili zenye maumbo tofauti kabisa, moja ya tairi na moja ya upepo, ukitumia data zilezile. Zikikupa sehemu ileile ya anga inayozibwa ukitazama kutoka kwenye kiini, namba hiyo iandike. Zikitofautiana, andika zote mbili na useme ni kipimo gani kingezitenganisha, mara nyingi ni picha ya interferometa (darubini zilizounganishwa) kwenye mikroni 10 au spektra nzuri ya silikati, halafu angalia kwenye hifadhi ya data ya Paranal na ya James Webb kama galaksi yako imeshapigwa, maana data nyingi zinafunguliwa kwa wote baada ya mwaka mmoja hivi.